Hiyo 'jamii' inayohifadhi wanyamapori ni nani?

Lipo neno moja ambalo limetumika mno katika habari za uhifadhi wa wanyamapori nchini Kenya hadi limekaribia kukauka maana. Neno lenyewe ni jamii. Tunasoma kwamba jamii imekabidhiwa jukumu la kuwalinda wanyama, jamii imepanda miche kando ya mto, jamii imefaidika. Mabango ya barabarani yanalitaja, hotuba za wakubwa zinalitaja, na ripoti za wafadhili hazimalizi ukurasa bila kulitaja mara tatu au nne. Nadra sana kumsikia mtu akiuliza jamii hiyo ni nani, huamka saa ngapi, na nauli ya kwenda mkutanoni huitoa katika mfuko upi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na msomaji ataniwia radhi nikianzia darasani. Katika Kiswahili, nomino inayotaja kiumbe mwenye uhai, hata iwapo kwa umbo ingefaa kuwa katika ngeli ya I-ZI, huchukua upatanisho wa A-WA. Hatusemi mbogo imevuka mto, bali mbogo amevuka. Ndovu amelala, nyani wameyala mahindi, ndugu yangu amefika. Lakini jamii, ambayo si kitu kingine ila watu wenye nyama na damu, hupatanishwa kama nyumba: jamii imekubali, jamii inalalamika. Basi katika sentensi ya kawaida kabisa, mathalani 'Jamii imemwokoa mbogo aliyenaswa', mnyama ndiye aliyepewa hadhi ya kiumbe, ilhali waliomwokoa wamewekwa fungu moja na meza na kalamu.

Sisemi kwamba sarufi ina hila. Serikali, kamati na familia huenda njia hiyo hiyo, na hakuna aliyedhurika kwa sababu ya kiambishi. Tena jamaa, neno lililotoka katika mzizi ule ule wa Kiarabu, limenusurika: jamaa amekuja, jamaa wameondoka. Ninalolalamikia ni matumizi. Tumelifanya neno jamii kuwa pazia, kisha nyuma ya pazia hilo tumeongeza kauli ya kutendwa, ambayo katika lugha yetu haimlazimishi msemaji kumtaja mtenda. Mitego iliondolewa. Miti ilipandwa. Mto ulisafishwa. Na nani? Kimya.

Tuutazame mlima ambao abiria yeyote anayesafiri kati ya Ruiru na Thika huuona upande wa mashariki siku isiyo na ukungu. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wengine wanauita Kilimambogo, na jina hilo halihitaji mkalimani. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1967, eneo la kilomita za mraba zipatazo 20 tu, na kilele chake kina urefu wa mita 2,145. Mbogo wangalipo, pamoja na pongo, tumbili na nyani, na chini ya mlima yako mashamba ya mahindi na maharagwe ya watu wanaokaa jirani na wanyama hao usiku na mchana.

Ukipanda mlima huo utalikuta kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki shamba kubwa la Juja na kumkaribisha huko Rais mstaafu Theodore Roosevelt mwaka wa 1909, alipokuja kuwinda. McMillan alifariki mwaka wa 1925. Kando yake amelazwa mkewe, Lucie, na mtumishi wao, Louise Decker. Naomba msomaji alishike jambo hili: hata mtumishi wa nyumbani ana jina lake mlimani. Mgala muue na haki yake umpe. Sina kinyongo na marehemu. Lakini wale ambao kwa miaka zaidi ya 50 tangu hifadhi itangazwe wamekuwa wakipiga mayowe mbogo anapotoka, wakikesha mashambani na kuwatuliza majirani wasichukue mishale, hao wanaitwa kwa jina moja la jumla. Wanaitwa jamii inayopakana na hifadhi.

Historia ya neno hili katika uhifadhi si ndefu. Mwaka wa 1977 uwindaji ulipigwa marufuku nchini. Mwaka wa 1989 Rais Moi aliziteketeza kwa moto tani 12 za pembe za ndovu mbele ya ulimwengu, na mwaka uliofuata Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likaanza kazi. Katika miaka hiyo mkazo ulikuwa juu ya askari na bunduki. Dkt. David Western aliposhika usukani wa shirika hilo mwaka wa 1994, alisisitiza kwamba wanyama wengi wanaishi nje ya mbuga, katika ardhi ya watu, na kwamba pasipo ridhaa ya watu hao hakuna mbuga itakayosimama. Hoja hiyo ilikuwa sahihi wakati ule, na ni sahihi leo. Ndiyo iliyozaa mashirika mengi ya uhifadhi wa kijamii, na hatimaye ikaingia katika Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014.

Hata hivyo, tazama jinsi mafanikio ya mashirika hayo yanavyosimuliwa. Huko Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianzishwa mwaka wa 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza buu wao ng'ambo, na hivyo wana sababu ya kuutaka msitu usimame. Mradi huo ni wa kusifiwa. Jina la mtaalamu aliyeuasisi, Ian Gordon, huandikwa, na anastahili. Wafugaji wenyewe huandikwa 'wakulima wa eneo hilo'. Il Ngwesi ya Laikipia ilipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 2002. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne amtaje mtu mmoja wa Il Ngwesi, uone kama atapata hata mmoja. Ndiyo mtindo wetu: anayeleta wazo ana jina la pekee, anayelitenda ana nomino ya jumla.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Tarehe 5 Juni 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Miti hiyo haikupandwa kwa heshima ya jamii za Kenya kwa jumla. Ilipandwa kwa heshima ya watu saba waliokwisha kufariki, kutoka makabila mbalimbali, na majina yao yanajulikana, miongoni mwao Mekatilili wa Menza, Wangu wa Makeri, Waiyaki wa Hinga na Nabongo Mumia. Baadaye vikundi vya wanawake vilipootesha miche, malipo madogo yalitolewa kwa hesabu ya miche iliyoshika, jambo ambalo haliwezekani bila daftari lenye majina. Kumbe tangu mwanzo aliyeanzisha harakati iliyo kubwa kuliko zote za mazingira katika nchi hii alijua kwamba mti haumwagiliwi na nomino ya jumla.

Sasa niwageukie walimu na wanafunzi, kwa maana wao ndio walionifanya nishike kalamu.

Mwaka wa 1968 lilianzishwa shirika la Wildlife Clubs of Kenya. Walioanzisha walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, na vijana wa shule wakasema kwamba wanyama hawa ni wao, si wa watalii tu. Shirika hilo lilikuwa la kwanza la namna yake barani Afrika, na vilabu vyake vimeenea katika shule zetu kwa vizazi viwili sasa. Mtu akiniuliza ni shirika gani la wanyamapori lililotoka kweli mikononi mwa wananchi, silitafuti mbali.

Katika kila klabu yumo mtu tunayemwita mlezi. Nalipenda sana neno hili. Mlezi hutokana na kulea, na kulea ni kazi isiyo na saa za kufunga ofisi. Ninamfahamu mlezi mmoja aliyefundisha katika shule ya kutwa huko Ruiru. Sitamtaja, maana hakuniruhusu na angekasirika. Kazi yake rasmi ilikuwa kufundisha Kiswahili na Dini. Jioni za Jumatano alikuwa na wanachama wa klabu. Wengi wao walizaliwa mitaani pale pale, baada ya mashamba makubwa ya kahawa kukatwa ploti na nyumba za ghorofa kumea kama uyoga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika Ruiru. Kwa watoto hao, mnyamapori alikuwa simba wa Maasai Mara waliyemwona kwenye runinga. Mlezi huyo aliwateremsha hadi Mto Ruiru wakiwa na madaftari, akawaambia waandike kila kiumbe watakachokiona, kwa Kiswahili, na yule asiyejulikana jina lake waulize nyumbani. Waliandika kwarara, mwewe, kinyonga, kima, popo, vyura wa aina mbili. Kinyonga alileta mjadala, kwa kuwa wapo wazazi wanaomwogopa na hutaka auawe aonekanapo.

Nililiona daftari lile. Lina makosa ya tahajia kama unavyotarajia, lakini ni hati ya maana, kwa sababu kila ingizo lina tarehe, mahali, na jina la aliyeona. Hapakuandikwa 'klabu iliona'. Iliandikwa nani aliona.

Mambo ambayo msomaji wa ripoti hayaoni ni haya. Kabla ya ziara moja tu ya kwenda mtoni, mlezi aliandika barua kwa mwalimu mkuu, akagawa fomu za idhini kwa wazazi, akazikusanya, akawafuata wazazi watatu ambao hawakuzirudisha, akaomba glavu kwenye zahanati. Kwa ziara ya Kilimambogo alizungumza na mwenye matatu hadi bei ikashuka, akajazia upungufu kutoka mshahara wake, akapika githeri nyumbani na kuibeba kwa ndoo. Siku moja watoto walikuta mtego wa waya kichakani. Aliuondoa kwa mikono yake, akawaeleza kwa nini mtu mwenye njaa hutega, kisha akaenda kuzungumza na wazee wa mtaa bila kumshtaki yeyote. Katika taarifa ya mwisho wa mwaka kazi yote hiyo ilikuwa sentensi moja: 'Wanafunzi walihamasishwa kuhusu mazingira.'

Baadaye alihamishwa. Walimu huhamishwa, na sitaki kuingia katika siasa za uhamisho, ingawa sera iliyoanza mwaka wa 2018 ya kuwapeleka walimu mbali na kwao iliwagusa wengi. Alipoondoka, klabu ilikaa muhula mmoja ikafa. Wala haikufa kwa sababu watoto walichoka. Ilikufa kwa sababu katika kumbukumbu za shule klabu ilikuwa imefanya kila kitu 'yenyewe', basi haikumpitikia mtu kwamba inahitaji mtu. Ndiyo hasara hasa ya pazia ninalolisema. Tukisema jamii inahifadhi, tunapumzika, kwa maana jamii haihamishwi, haiugui wala haistaafu. Mtu hufanya yote hayo.

Lipo jambo jingine ambalo mtu wa taaluma yangu hawezi kulinyamazia. Sheria inaruhusu jamii kusajili chama chake cha wanyamapori, na vivyo hivyo viko vyama vya misitu na vya watumiaji maji. Kila kimoja huwa na mwenyekiti, katibu na mhazini, huwa na katiba na hutunza kumbukumbu za mikutano. Katika vikundi nilivyovitembelea upande wa Thika na ng'ambo ya Mto Athi, mazungumzo huwa kwa Kikamba, Kikuyu na Kiswahili, lakini katiba na kumbukumbu ziko kwa Kiingereza, kwa kuwa mfadhili husoma Kiingereza. Matokeo yake ni rahisi kuyakisia. Anayejua Kiingereza ndiye katibu, na anayoyaandika katibu ndiyo maoni ya jamii. Mama aliyesimama akasema nyani wamemaliza shamba lake mara tatu, na kwamba haoni sababu ya kuhudhuria mikutano zaidi, huandikwa kuwa 'wanachama walitoa maoni yao'. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kikundi kinachojua shida zake na kikundi kinachojidanganya.

Tena sheria ile ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori wa aina zilizoorodheshwa. Milioni 5 hazimfuati mjane nyumbani. Ni lazima fomu ijazwe, ripoti ya polisi ipatikane, daktari aandike, kamati ya kaunti iketi. Mahali ambapo mambo hayo yamewezekana, ukichunguza utakuta yupo jirani mmoja, aghalabu mwalimu mstaafu au mwanamke wa kikundi, aliyefuatana na mjane ofisi hadi ofisi. Hakuna bango linalomtaja.

Najua nitaambiwa kwamba kutaja majina kunaleta husuda na tamaa. Kwamba tumeona vikundi vikigeuka mali ya mwenyekiti na mkewe. Ni kweli. Hata hivyo nauliza: ni wapi ambapo mwenyekiti hujificha vyema zaidi, katika orodha inayoonyesha wazi nani alifanya nini, au nyuma ya neno jamii? Wizi wa vikundi hutendwa kwa jina la wote. Fedha zilizotumiwa 'na jamii' hazina wa kuulizwa.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama, nami siichukulii kwa wepesi. Mnamo Julai 2021 Joannah Stutchbury, mwanamke aliyepinga kwa miaka mingi unyakuzi wa Msitu wa Kiambu, alipigwa risasi akauawa karibu na nyumbani kwake, katika kaunti hii hii yenye Ruiru na Thika. Profesa Maathai mwenyewe alipigwa na kujeruhiwa huko Karura mwezi wa Januari 1999. Palipo na ardhi yenye bei, jina linaweza kuwa shabaha. Ndiyo maana mwenye jina aulizwe kwanza, na anayesema hapana aheshimiwe, kama ninavyomheshimu mlezi wa Ruiru. Lakini tusijidanganye kwamba ukimya ni ngao kwa kila mtu. Wanyakuzi huwajua sana wanaowapinga. Wasiowajua ni sisi wengine, ambao tungeweza kusimama nao.

Kwa hiyo nina maombi machache kwa walimu wa eneo hili, na hayahitaji mfadhili. Mtaala wa Umilisi unawataka wanafunzi washiriki katika huduma kwa jamii. Basi wanapoandika insha au ripoti kuhusu mto, msitu au mlima, mwalimu asiikubali sentensi yenye neno jamii kama mtenda mpaka mwanafunzi aweze kusema ni nani na nani. Kauli ya kutendwa nayo iambatane na kiunganishi 'na' na jina, ikiwa mwenye jina ameridhia. Zoezi hili ni la sarufi, linatahiniwa, na litamlazimu mtoto kuvuka barabara akaulize.

Klabu nazo ziwe na walezi wawili badala ya mmoja, ili uhamisho wa mwalimu mmoja usiwe mazishi. Kila klabu iwe na daftari la majina linalokaa shuleni, wala lisiende nyumbani kwa mwalimu. Wanafunzi wa Ruiru wakumbuke pia kwamba maji yanayopita chini ya daraja lao huingia katika Mto Athi, hupita penye Maporomoko Kumi na Manne chini ya Kilimambogo ambako wamo viboko, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagikia Bahari Hindi karibu na Malindi. Maji ya Thika na Chania hushika njia nyingine, yakaingia Tana. Miji hii miwili iliyo jirani hivi ina mito ya bonde mbili, na kwa hiyo ina majirani wengi mno wasiojuana majina.

Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kazi ya kukusanya majina ya Kiswahili, Kikuyu na Kikamba ya ndege na wanyama wa mito hiyo, pamoja na jina la kila mtu aliyewapa neno, kwa idhini yake. Shule itakayotaka kushirikiana nasi iandike kupitia mhariri wa ukurasa huu kabla ya muhula kufungwa. Barua iseme mlezi wa klabu ni nani, na aliyekuwapo kabla yake alikuwa nani.